Mdoki Alipamua Nini?

Soma sentensi hii taratibu: "Mdoki alizipamua chule zake karibu na mtefu kwa sababu zilikuwa zimejaa luki." Sasa maswali. Nani alizipamua chule? Alizipamulia wapi? Kwa nini alizipamua? Bila shaka umeyapata yote matatu, na mwalimu mkarimu angekuandikia "hongera" kwa wino mwekundu. Lakini chule ni nini? Kupamua kunafanywa kwa mikono au kwa mashine? Mdoki ni mtu, ni mnyama au ni cheo? Huwezi kujua, kwa kuwa maneno hayo nimeyabuni mwenyewe na hayana maana yoyote.

Alama hizo tatu umepewa na sarufi. Mpangilio wa sentensi ulikuonyesha mtendaji, "karibu na" ikakuonyesha mahali, "kwa sababu" ikakuonyesha sababu. Ulilifuata swali hadi kwenye sentensi inayofanana nalo, ukanakili. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupanda vidato kwa ujuzi huo mmoja, akapata alama za wastani katika ufahamu, na asiwe ameelewa hata ukurasa mmoja. Mwalimu wake naye atashangaa kwa nini kijana yule yule hawezi kufupisha habari wala kusema mwandishi alikuwa na nia gani.

Kwa hiyo tuanze chini kabisa. Kuelewa maandishi ni kufanya nini hasa? Tuliulize swali hilo tukiwa Buwenge, mji mdogo wa wilaya ya Jinja kwenye barabara iendayo Kamuli, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo malori ya miwa hupita mchana kutwa. Nimepachagua kwa sababu moja: mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa pale hukutana na lugha tatu kwa wiki moja, na kila lugha inatuonyesha sehemu tofauti ya mtambo wa kusoma.

Lugha ya kwanza ni Lusoga, ya nyumbani na sokoni. Mtaala wa msingi ulioanza mwaka 2007 unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, darasa la nne liwe la mpito, na la tano aendelee kwa Kiingereza. (Shule nyingi za binafsi mijini huruka hatua hiyo na kuanza na Kiingereza siku ya kwanza, na wazazi hulipia kuruka huko.) Lugha ya pili ni hicho Kiingereza, cha vitabu na mitihani yote mikubwa. Ya tatu ni Kiswahili, ambacho mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umekifanya somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili.

Sasa mpe mwanafunzi huyo ukurasa wa Kiswahili miezi michache baada ya kuanza kidato cha kwanza, umwambie asome kwa sauti. Atakushangaza. Atasoma vizuri, pengine bila kukwama, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na mtu aliyejua kusoma Lusoga anazifahamu tayari silabi zake nyingi. Mgeni akipita dirishani atadhani kijana ni mzawa wa Tanga. Muulize habari aliyoisoma inahusu nini, atakutazama tu.

Mpe ukurasa wa Kiingereza: atasoma kwa kusitasita, atakosea matamshi ya maneno ambayo tahajia yake haifuati kanuni, lakini nusu ya maana ataipata. Mpe ukurasa wa Lusoga: huenda akawa mzito kuanza, maana tangu darasa la nne hajawekewa mbele kitabu cha Lusoga, lakini kila neno atakalolitambua litamfungukia papo hapo.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili katika hesabu fupi. Walisema ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kutambua maneno kutoka kwenye herufi, na uwezo wa kuielewa lugha hiyo inaposikika kwa masikio. Walizidisha, hawakujumlisha. Hapo ndipo uzito wa hoja yao ulipo. Ukijumlisha, upungufu wa kimoja unaweza kufidiwa na wingi wa kingine. Ukizidisha, sifuri upande mmoja huufanya upande wa pili kuwa kazi bure.

Tutumie tarakimu za mfano tu, kati ya 0 na 1. Katika Kiswahili kijana wetu ana 0.9 ya kutambua maneno na 0.1 ya lugha: zao ni 0.09. Katika Kiingereza ana 0.7 na 0.5: zao ni 0.35. Katika Lusoga ana 0.6 na 0.95: zao ni 0.57. Kichwa ni kimoja, akili ni ile ile, na matokeo ni matatu. Mwalimu wa Kiswahili akitumia muhula mzima kumfanya asome kwa sauti mpaka afike 1, zao litapanda kutoka 0.09 hadi 0.1. Akitumia muhula huo huo kumsimulia hadithi, kuzungumza naye na kumfundisha maneno, lugha ikafika 0.4, zao litakuwa 0.36, mara nne ya pale alipokuwa. Kusoma kwa zamu darasani, mmoja aya hii na mwingine ile, kunapendwa sana na walimu kwa sababu darasa linatulia. Kwa Kiswahili cha Buwenge, hesabu inasema ni njia ya polepole mno.

Kwa nini ni kuzidisha? Tazama macho ya msomaji kwa karibu. Hayatelezi juu ya mstari, yanaruka. Jicho hutua, hukaa takriban robo ya sekunde, kisha huruka herufi saba au nane mbele na kutua tena. Katika kila kituo ubongo unapokea kipande kidogo, nao unapaswa kukishika mpaka sentensi itimie. Mahali pa kushikia ni padogo: kwa mtu mzima ni takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Jaribu mwenyewe. Mwambie mwenzako akutamkie sentensi ngeni ya maneno kumi kwa kutaja herufi moja moja, bila kutua. Ukifika neno la nne utakuwa umelipoteza la kwanza. Haikuwa akili ndogo, ni nafasi iliyojaa herufi. Anayetambua neno zima kwa kulitupia jicho hutumia nafasi moja, na zinazobaki anazitumia kufikiri.

Hadi hapa tumezungumzia maneno. Lakini mtu anaweza kuyajua maneno yote, kwa herufi na kwa maana, na bado asielewe. Soma habari hii:

"Miwa ya Mzee Waiswa ilikatwa Jumatatu. Lori lilifika kwenye lango la kiwanda Jumatano jioni, likakuta foleni. Ijumaa mchana mzani uliposomwa, mzee alijishika kichwa."

Hakuna neno gumu. Kwa nini mzee alijishika kichwa? Mtoto wa Buwenge hana haja ya kuwaza. Muwa ukishakatwa huanza kukauka, na mkulima hulipwa kwa tani. Kila siku ya foleni inapunguza uzito, na uzito ni ada ya shule. Zaidi ya hayo, sukari iliyomo ndani huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi vizuri kuwa chembe za sukari, kwa hiyo kiwanda nacho hakifurahii miwa iliyolala. Rudi sasa kwenye zile sentensi tatu utafute ni wapi imeandikwa kwamba miwa hukauka, kwamba malipo ni kwa uzito, kwamba mzani ulionyesha pungufu. Haikuandikwa popote. Msomaji aliyatoa hayo kichwani mwake akayaweka kati ya sentensi na sentensi. Msomaji wa Busoga ameongeza na jingine bila kujua kama ameongeza: mzee huyu ni pacha, kwa sababu Waiswa ni jina la pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa.

Mwanafunzi wa Mbale, aliyekulia chini ya Mlima Elgon kwenye kahawa, anaweza kukwama hapa, kisha akampita mwenzake wa Buwenge katika habari ya kumenya na kuanika kahawa. Na wote wawili watakwama pamoja katika habari ya kijana wa London anayekimbilia treni ya chini ya ardhi siku ya theluji, ambayo ndiyo aina ya habari iliyojaa katika vitabu vya zamani vya mazoezi. Watakwama, na mwalimu atasema Kiingereza chao ni kibovu.

Jambo hili lilipimwa mwaka 1988 na Donna Recht na Lauren Leslie nchini Marekani. Waliwachukua wanafunzi 64, baadhi wasomaji hodari na baadhi wasomaji dhaifu kwa mitihani ya kawaida, wakawapa habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo waliielewa na kuikumbuka habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maana yake kwa mwalimu ni nzito: "msomaji hodari" si sifa anayotembea nayo mtu kila aendako. Ni hodari wa habari fulani.

Basi tunaweza kusema sasa kuelewa ni nini. Ni kujenga kichwani hali inayosimuliwa, kwa vifaa vinavyotoka pande mbili: maneno ya mwandishi, na ujuzi wa msomaji. Mwandishi huacha mapengo kwa makusudi, kwa sababu angeyajaza yote hadithi isingesomeka. Mdoki wetu wa mwanzo hakujenga chochote kichwani mwako, ndiyo maana uliweza kujibu maswali lakini usingeweza kuchora picha. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: mwambie mwanafunzi afunge kitabu na achore lango, lori, foleni na mzani. Ambaye hana cha kuchora hakuelewa, hata kama daftari lake limejaa vema.

Kuna kikwazo kingine ambacho walimu wengi hawakitegemei. Mwanafunzi asiyeelewa mara nyingi hajui kwamba haelewi. Mwaka 1979 Ellen Markman alichapisha majaribio ambayo watoto wa shule ya msingi walisomewa habari zenye kasoro iliyowekwa makusudi. Moja ilieleza kwamba chini kabisa ya bahari hakuna mwanga hata kidogo, kisha ikasema samaki wanaoishi huko hutambua chakula chao kwa rangi. Watoto wengi walisikiliza na kuona kwamba habari iko sawa. Kila sentensi waliielewa, hawakuzigonganisha mbili. Darasa la vijana sitini ambao wamezoea kuitikia kwa pamoja "tumeelewa, mwalimu" lina sababu zaidi ya kutozigonganisha, kwa kuwa anayenyoosha mkono na kusema "lakini rangi ataionaje gizani?" anawachelewesha wenzake na pengine anamuudhi mwalimu.

Tunafundishaje basi? Kwanza tukubali kwamba kwa kawaida hatufundishi, tunapima. Dolores Durkin aliingia katika madarasa ya Marekani miaka ya 1970 na saa mkononi. Katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma vya darasa la nne, alizopata ambazo mwalimu alifundisha namna ya kuelewa zilikuwa 20. Muda mwingi uliobaki ulikwenda kwa maswali, mazoezi na maelekezo ya kazi. Sioni sababu ya kuamini kwamba hali katika sekondari zetu ni bora.

Kazi ya kuelewa haionekani kwa macho. Fundi cherehani akimfundisha mwanagenzi, mikono yake iko wazi. Mwalimu akisoma kimya, hakuna cha kutazama. Dawa ni mwalimu kusoma huku akifikiri kwa sauti, mapengo yakiwemo. Aandike habari ya miwa ubaoni, aifunike kwa karatasi ya manila, afunue sentensi moja moja na kusema yanayompitia: "Ilikatwa Jumatatu. Najiuliza kwa nini mwandishi kataja siku. Nitaikumbuka. Jumatano jioni... hizo ni siku mbili. Foleni. Sasa nina wasiwasi na miwa, ingawa mwandishi hajaniambia niwe na wasiwasi. Ijumaa! Siku nne. Kujishika kichwa ni kwa furaha au kwa uchungu? Hapa ni uchungu, na sababu yake ninayo mimi, haimo ubaoni." Dakika tano hazizidi. Kisha afunue habari nyingine na kumwita mwanafunzi afanye vivyo hivyo, naye anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi.

Annemarie Palincsar na Ann Brown walionyesha mwaka 1984 kwamba kazi hii inaweza kukabidhiwa kwa wanafunzi wenyewe. Walifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakitambua maneno vizuri lakini hawaelewi, yaani ndugu wa kijana wetu wa Kiswahili. Kwa zamu, mwanafunzi aliongoza kikundi kidogo akifanya mambo manne kwa kila aya: kuuliza swali, kufupisha, kufafanua palipo na utata, na kubashiri kinachofuata. Ufahamu wao ulipanda sana, na faida ikabaki baada ya mafunzo kwisha. Huko Buwenge kikundi kipo tayari: ni benchi. Vijana watatu au wanne juu ya benchi moja na kitabu kimoja kati yao, jambo ambalo siku zote tunalihesabu kama upungufu tu, wanatosha kabisa kwa zamu hizo.

Ila sitaki mtu abebe mbinu hizi kama hirizi. Daniel Willingham, akipitia tafiti nyingi mwaka 2006, alionyesha kwamba vipindi vichache vya mbinu za ufahamu hutoa karibu faida ile ile ya vipindi vingi. Mbinu zinamzindua mwanafunzi kwamba kusoma ni kutafuta maana. Akishazinduka, kuendelea kumchosha na "bashiri kinachofuata" ni kupoteza muda. Baada ya hapo kinachomwongezea ufahamu ni ujuzi wa ulimwengu na maneno. Watafiti wa lugha ya pili hukadiria kwamba mtu anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili asome bila kusaidiwa. Katika ukurasa wa maneno 300 hayo ni maneno sita tu yasiyojulikana. Yakiwa 15, ukurasa huanza kufifia. Na yanayoua si majina makubwa ya sayansi, ambayo kitabu huyaeleza na kuyachorea picha. Ni yale madogo ya kufungia hoja: ingawa, isipokuwa, la sivyo, licha ya. Hayaelezwi popote, na anayeliruka "isipokuwa" anaondoka na maana iliyopinduka huku akijiamini.

Hapo ndipo napingana na kanuni iliyozoeleka katika shule nyingi za Uganda, ya kumwadhibu au kumtundika kibao shingoni mwanafunzi anayesema lugha ya mama. Kumbuka ile habari ya miwa. Kujaza mapengo hufanyika kwa ujuzi, na ujuzi wa mtoto huyu kuhusu ardhi, mvua, magonjwa, deni na biashara umehifadhiwa kwa Lusoga. Benchi likijadili kwa Lusoga aya ya Kiingereza, kisha likaandika muhtasari kwa Kiingereza, halijakimbia Kiingereza. Limekisogeza karibu na ghala lake. Kwa Kiswahili cha kidato cha kwanza nasema zaidi: bila kuruhusu Lusoga, mazungumzo ya ufahamu hayawezi kufanyika kabisa, kwa sababu swali zuri linahitaji lugha ambayo mwulizaji anaimudu.

Mtu anaweza kusema haya ni ya walimu wa lugha. Yalikuwa, zamani. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala mpya ulifanywa mwaka 2024, na umebadili sura ya maswali katika masomo yote. Badala ya kuulizwa "taja sifa tatu za asidi", mwanafunzi husimuliwa kisa: kijiji fulani, shamba ambalo mazao yake yamenyong'onyea, udongo uliopimwa, mkulima aliyeshauriwa na jirani anunue chokaa na jirani mwingine akamkataza. Kisha huambiwa: mshauri. Sifa za asidi hazijatajwa. Kinachoulizwa kimejificha ndani ya kisa, na baadhi ya habari zimewekwa humo bila kuhitajika. Kabla ya kemia, hapo kuna ufahamu: ni hali gani hii, nini nimepewa, nini sikuambiwa na natakiwa kukitoa kichwani.

Mwalimu wa kemia akitaka, anaweza kuanza wiki hii. Achukue kisa kimoja, awazuie wanafunzi wasishike kalamu, asome sentensi moja moja kwa sauti huku akisema anachowaza, na swali la kwanza liwe "huyu mkulima ana shida gani?" kwa lugha yoyote watakayoijibia. Asiyetaka, kwa kuwa kusoma si somo lake, ajiandae kusahihisha karatasi ambazo hesabu zake ni safi kabisa na swali lililojibiwa silo lililoulizwa.